Uliza Maji Kabla ya Meli: Safari ya Wawili Kwenda Alaska

Mtu wa Tanga anayetaka kuvuka kwenda Pemba haanzi na nauli. Anauliza kwanza bahari ikoje. Kusi likivuma mwezi wa Julai, wazee watamshauri asubiri siku mbili tatu. Miezi ya maleleji jibu huwa jingine. Baada ya hapo ndipo anauliza chombo gani kinaondoka, na bei inakuja mwisho. Hapa Seattle, ninapoishi na mume wangu, mambo yamepinduliwa. Tangazo la meli ya Alaska linaanza na bei, likifuatiwa na jina la kampuni na picha ya bwawa la kuogelea lililo juu kabisa ya meli. Maji ambayo meli itapita utayakuta chini, kwa maandishi madogo, tena ukiyatafuta.

Wenzetu wa huku, hasa wanandoa wanaotaka kuadhimisha mwaka wa kumi au wa ishirini wa ndoa yao, huniuliza: "Dada, kampuni gani nzuri?" Kwangu mimi hilo ni swali la tatu. La kwanza ni maji, la pili ni majira. Watu wa pwani tumelijua hili tangu enzi za majahazi, na sioni sababu ya kuliacha uwanja wa ndege tunapohama.

Basi tuanze na maji. Wengi wanaokwenda Alaska wanataka kuona barafu ikimeguka na kuanguka baharini, na mahali panapotajwa zaidi kwa hilo ni Glacier Bay. Mabaharia wa nahodha Mwingereza George Vancouver walipopita hapo mwaka 1794, ghuba ilikuwa karibu haipo: barafu ilikuwa imeijaza hadi mdomoni. Mwandishi wa maumbile John Muir alipofika mwaka 1879, barafu ilikuwa imerudi nyuma makumi ya kilomita, na leo meli husafiri ndani takriban kilomita 100 kabla ya kuufikia ukuta wake. Kabla ya barafu kuijaza, ghuba hiyo ilikuwa bonde, makazi ya Watlingit wa Huna, wenyeji wa asili. Barafu ilipokuwa ikisonga mbele iliwafukuza, wakahamia ng'ambo, Hoonah, na bado wanaiita ghuba hiyo kwao.

Hifadhi ya Taifa ya Glacier Bay inaruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku. Nafasi hizo hutolewa kwa mikataba, na Holland America pamoja na Princess ndizo zenye fungu kubwa. Hapo ndipo jina la kampuni linapoanza kuwa na maana, kwa sababu linakufungulia maji fulani au linakufungia. Meli isiyo na nafasi huenda kwingine, pengine kwenye barafu ya Hubbard, ambako ukuta wa barafu una upana wa kilomita 10 hivi, au kihori cha Endicott Arm. Napo panapendeza sana. Lakini kama moyo wako uko Glacier Bay, soma ratiba ya siku ile ile unayolipia, maana kampuni moja inaweza kuwa na meli mbili, moja inaingia na nyingine haiingii.

Mahali pa kuanzia safari napo panabadilisha kila kitu. Meli nyingi zinazotoka Seattle hupita magharibi ya Kisiwa cha Vancouver, yaani bahari kuu ya Pasifiki, yenye mawimbi marefu na nchi kavu kwa mbali au isiyoonekana kabisa. Zinazotoka mji wa Vancouver, Kanada, hupita ndani, kati ya visiwa na bara, milima ikiwa kulia na kushoto. Kwa wawili waliokwenda kutazama mandhari, na hasa ikiwa mmoja wao hutapika baharini, hiyo si tofauti ndogo. Tena safari nyingi za Vancouver huishia kaskazini, Whittier au Seward, na kutoka huko mnaweza kupanda treni hadi hifadhi ya Denali.

Kuna kisa kinachounganisha mji huu na kwetu, nami hukikumbuka kila nikiona boti za Puget Sound, maji ya hapa Seattle. MV Skagit ilijengwa mwaka 1989 na kufanya kazi hapa Seattle, ikivusha abiria katika maji haya yaliyokingwa na visiwa na rasi. Mwaka 2011 iliuzwa, ikafika Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, ikitoka Dar es Salaam, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, na familia nyingi za Unguja na bara zilizika watu wao. Miezi 10 tu kabla ya hapo, Septemba 2011, MV Spice Islander I ilikuwa imezama mkondo wa Nungwi ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Chombo kina maji yake. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba kuuliza bahari kabla ya kuuliza bei ni woga au ushamba.

Majira ya Alaska ni mafupi: mwishoni mwa Aprili hadi Oktoba. Mei na mwanzo wa Juni mvua hupungua upande wa Juneau na bei huwa nafuu kuliko Julai. Septemba mvua huzidi. Hilo halihitaji maneno mengi.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo safari nyingi za watu wetu hukwama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli zenye bendera ya nje kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine bila kupitia nchi ya kigeni. Meli nyingi kubwa zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Uholanzi. Kwa hiyo hata safari ya kwenda na kurudi Seattle hutia nanga Kanada, mara nyingi mji wa Victoria, tena jioni kwa saa chache tu. Saa chache hizo zinatosha kukudai viza. Mwenye grini kadi anaingia Kanada kwa kadi yake na pasipoti iliyo hai, bila viza. Mwenye viza ya kazi au ya masomo aliye na pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo anahitaji viza ya Kanada, na pia hati zinazomruhusu kurudi Marekani. Ndugu anayetoka Dar kuja kutembea ahakikishe viza yake ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi ya ukimbizi amwone wakili kabla hata ya kuangalia picha za meli.

Ukubwa wa meli ni suala la hulka yenu ninyi wawili. Zipo zinazobeba watu zaidi ya 4,000, zenye maonyesho, kamari na michezo ya watoto. Zipo za watu 2,000 hivi, tulivu zaidi, na zipo ndogo zisizofikia watu 100, zenye bei kali mno, zinazoingia vihori ambavyo kubwa haziwezi. Juneau, mji usiofikiwa kwa barabara, umeweka kikomo cha meli kubwa 5 kwa siku tangu 2024, na bado siku zinapofika zote tano njia zake hufurika watu. Mimi napenda ratiba yenye kituo cha Icy Strait Point, kwa sababu bandari hiyo inamilikiwa na kampuni ya Watlingit wa Huna wenyewe.

Kuhusu fedha, kwetu ukishakata tiketi ya boti umemaliza. Chakula umebeba kwenye kikapu, na jirani akikosa mnagawana. Huku bei ya tangazo ni ya mtu mmoja, kwa hesabu kwamba chumba kina watu wawili. Zidisha mara mbili, kisha ongeza kodi na ada za bandari, bakshishi inayokatwa kila siku, ambayo kwa kampuni kubwa ni kati ya dola 15 na 20 kwa mtu, vinywaji, intaneti na matembezi ya nchi kavu. Chumba chenye baraza ni ghali, lakini kwa Alaska ndipo pa kutumia fedha kama mnazo. Kama hamnazo, chukueni chumba cha ndani na mkae sitahani. Barafu haiulizi tiketi yako. Waislamu waandikie kampuni mapema kuhusu chakula cha halali na wapate jibu kwa maandishi.

Liko jambo moja ambalo huku wametuzidi, nami nalitamani kwetu. CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, hukagua usafi wa meli za abiria zinazoingia nchini na kuchapisha alama za kila meli, kwa jina, kati ya 100. Inayopata 85 au chini imefeli, na yeyote anasoma bure mtandaoni. TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar wabandike matokeo ya ukaguzi wa kila chombo pale pale kwenye dirisha la tiketi, pamoja na idadi halali ya abiria. Mama anayempeleka mwanawe Mkoani, Pemba, ana haki ya kuyasoma kabla hajatoa fedha.

Kwa wawili wanaokwenda kuona barafu, ningechagua meli ya watu 2,000 hivi, inayotoka Vancouver kuelekea kaskazini, yenye siku nzima Glacier Bay, mwishoni mwa Mei. Kabla ya kulipa hata amana, wekeni pasipoti zote mbili mezani na msome tarehe na viza, ukurasa kwa ukurasa.