Mkaratusi au mkau?

Wadau, mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, Hanang. Mzee amenigawia ekari mbili za ardhi kavu, akasema: "Panda kitu, usije ukauza." Baba mdogo, anayeishi upande wa Haydom kule Mbulu, hakusita: mikaratusi! Inakua haraka, na nguzo zina soko.

Ana hoja, maana mshahara wa mwandishi mnaujua. Ila pembeni ya shamba kuna kijito anachochota maji mama. Mkaratusi unakunywa maji mengi, na penye mvua haba mazao ya jirani huumia. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60.

Mimi moyo uko kwa mkau (Melia volkensii), mti wa asili wa nyanda kavu za Afrika Mashariki. Kule Kitui, Kenya, wakulima wanaupanda kwa ajili ya mbao. Huvunwa baada ya miaka 10 hadi 15, mchwa hawaiwezi mbao yake kirahisi, na majani ni chakula cha mifugo wakati wa kiangazi. Kazi ipo kwenye mbegu: imejificha ndani ya kokwa gumu, lazima ulipasue bila kuiumiza.

Baba mdogo kacheka: "Ukikomaa huo mti, na wewe utakuwa na mvi." Sawa, lakini mama atakuwa bado anachota maji pale pale. Naanza na miche 50. Mwenye uzoefu wa kuotesha mkau, tuambiane.