Mama Yake Dickens

Katika miaka niliyofundisha fasihi katika chuo cha ualimu, nilikuwa na fundisho moja ambalo leo nalikubali nusu tu. Niliwaambia wanachuo kwamba mwandishi wa riwaya huchota katika mateso yake mwenyewe, na kwamba kilichochotwa huko hakiwezi kuwa uongo. Mfano wangu wa kila mwaka ulikuwa Charles Dickens, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1812. Nilimpenda tangu ujana, na labda ndiyo maana nilichelewa kuuona ubovu wa fundisho langu.

Habari yenyewe ni hii. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini. Mtu mcheshi, mkarimu, asiyeweza hata kidogo kuishi ndani ya kipato chake. Mwezi Februari 1824 alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa deni la pauni 40 na kitu alizodaiwa na mwoka mikate. Siku chache kabla ya hapo Charles, aliyekuwa ametimiza miaka 12 juzi juzi tu, alikwisha pelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu kando ya mto Thames. Kutwa nzima alifunika vikopo vya dawa kwa karatasi, akavifunga uzi, akavibandika vibandiko, kwa ujira wa shilingi sita au saba kwa wiki. Mama na wadogo zake walihamia gerezani kwa baba, kama ilivyoruhusiwa siku hizo. Yeye alilala nje, kwenye chumba cha kupanga.

Siku moja alishikwa na maumivu ya ubavu pale kiwandani. Mtoto mwenziwe, Bob Fagin, alimkanda nusu ya siku kwa chupa za maji ya moto, na jioni akakataa kumwacha aende peke yake. Charles aliona haya kumfikisha gerezani. Akasimama kwenye ngazi za nyumba ya watu asiowajua, akaagana naye kana kwamba amefika kwao. Na ili udanganyifu ukamilike akabisha hodi, na mwanamke alipofungua akamwuliza kama hapo ndipo kwa bwana Robert Fagin.

Haya hiyo hakuisema hadharani maisha yake yote. Alimwandikia rafiki yake John Forster, na walimwengu wakaisoma baada ya kifo chake cha mwaka 1870. Lakini ndani ya David Copperfield, riwaya iliyotoka mwaka 1849 hadi 1850, mtoto yule yumo waziwazi. Kilichobadilika ni kwamba vikopo vya dawa vimekuwa chupa za mvinyo. Hapo ndipo nilipokuwa nikimalizia somo, wanachuo wakiandika haraka haraka.

Nilichokuwa sisemi ni kwamba lile jina la Fagin, la mtoto aliyemwuguza, Dickens alimpachika mzee mwovu wa Oliver Twist anayefunza watoto kuiba. Bob alimkosea nini? Yamkini kosa lake lilikuwa kumwona katika unyonge wake.

Kisha wapo wazazi. Baba aliyeleta deni lile ndiye Micawber wa David Copperfield, mdaiwa anayechekesha na ambaye wasomaji wote humpenda. Mama, Elizabeth, ndiye anayetajwa kuwa asili ya Bibi Nickleby, mwanamke msemaji ovyo asiye na akili. Mama huyo ndiye aliyemfundisha Charles kusoma. Shida zilipoanza alijaribu kufungua shule, akatundika kibao cha shaba mlangoni, na hakuja mwanafunzi hata mmoja. Mimi niliyeendesha chuo siwezi kucheka kibao hicho. Dickens alikifanya kichekesho. Alimpa mke wa Micawber.

Dhambi ya mama ilikuwa moja. Baba alipokwisha toka gerezani, aligombana na msimamizi wa kiwanda na mtoto akarudishwa nyumbani. Mama akaenda kupatanisha ili mtoto arudi kazini. Baba akasema hapana, aende shule. Dickens hakumsamehe mama kwa hilo. Yule baba aliyewafikisha pale alibaki na sifa ya neno moja jema.

Nilipoyasoma haya kwa utulivu, nikiwa mtu mzima, nilikifunga kitabu. Mwaka 1962 nilikuwa na umri wa miaka 12, nimechaguliwa kuingia darasa la tano, na baba alikuwa kitandani mwaka wa pili kwa maradhi ya kifua. Mama alinitafutia kazi dukani, kupima sukari na chumvi. Baba mdogo akaja kutoka safarini, akakataa, akauza mbuzi wawili, nikaenda shule. Kisa hicho nilikisimulia kila mahafali. Baba mdogo nilimfanya shujaa, na mama nilimfanya mwanamke wa kijijini asiyejua thamani ya elimu. Niliigiza hata sauti yake, na ukumbi ukacheka.

Dickens alisimulia kwamba Bibi Nickleby mwenyewe, akiwa amekaa kitini mbele yake, aliwahi kumwuliza kama kweli anaamini mwanamke wa namna hiyo aliwahi kuwapo. Mahafali ya mwaka 1994 mama yangu alikuwa ameketi mstari wa mbele, kwa heshima ya kuwa mama wa mkuu wa chuo. Alipiga makofi pamoja na wenzake. Usiku, akichambua mchele wa asubuhi, aliniuliza bila kuinua uso:

"Mwanangu, yule mwanamke uliyemsema leo, alikuwa na watoto wangapi?"

"Watano, mama. Pamoja na mimi."

"Na mume mgonjwa," akasema, akaendelea na ungo wake.

Mwaka uliofuata alialikwa tena, akaketi palepale. Nilisimulia habari za baba mdogo na mbuzi wake wawili, na mama sikumtaja kabisa.