Malkia wa Pendleton

Msomaji mpenzi, twende pamoja leo mpaka Pendleton, mji mdogo wa wakulima wa ngano katika jimbo la Oregon, magharibi ya Marekani. Kila mwezi wa Septemba watu humiminika huko kutazama rodeo, yaani michezo ya wachunga ng'ombe: kupanda farasi wakali na kunasa ndama kwa kamba. Michezo hiyo ilianza mwaka 1910.

Tazama uwanjani, penye majani mabichi. Binti mwenye kofia pana anaruka ua akiwa juu ya farasi, anapita kama mshale. Huyo ndiye malkia wa mwaka. Wa kwanza, Bertha Anger, alipata heshima hiyo mwaka ule ule wa 1910.

Lakini usidhani malkia wa zamani walikuwa pambo tu. Mabel Strickland, malkia wa mwaka 1927, alikuwa hodari wa kunasa maksai kwa kamba na kuwafunga miguu. Siku zile wanawake walipanda hata farasi wakali mbele ya maelfu ya watu.

Mwaka 1929 ukatokea msiba. Bonnie McCarroll alipanda farasi mkali, vikuku vya tandiko vikiwa vimefungwa pamoja chini ya tumbo la farasi, kama wanawake walivyoruhusiwa. Farasi akaanguka, naye Bonnie hakuweza kujinasua; akafa siku chache baadaye. Basi Pendleton ikawaondoa wanawake katika mchezo huo. Wanaume nao waliumia, ila wao hawakukatazwa. Taji likabaki, kazi ikaondoka. Je, heshima ya namna hiyo si kilemba cha ukoka?

Mwaka 1948 wanawake 38 walikutana San Angelo, katika jimbo la Texas, wakaunda chama chao. Hawakuomba kuhurumiwa. Walitaka mashindano ya kweli, yenye kanuni na zawadi ya fedha. Mchezo wao uliovuma zaidi ni mbio za mapipa: mpanda farasi huzunguka mapipa matatu, na mwenye kutumia muda mfupi kuliko wote hushinda. Pendleton nayo ikaziingiza mbio hizo mwaka 2000.

Malkia angali anaruka ua kila Septemba, lakini sasa wanawake wasio na taji nao huingia uwanjani kushindania fedha kwa jasho lao. Nasi nyumbani, ndugu msomaji, tukimsifu mama kwa kazi yake ya shambani, tusisahau kumpa na sehemu yake ya mavuno.