Kisu na Njaa

Unene uliopita kiasi ni mzigo ambao mwenye nao hawezi kuutua njiani akapumzika. Shangazi yangu wa Kidodi ameuchukua kwa miaka mingi, na kisukari kikamfuata. Kwa kuwa Kidodi imepakana na mashamba ya miwa, majirani hawakukawia kunena kuwa amelipwa ulafi wake. Neno hilo lilimuuma kuliko maradhi. Aliposikia kwamba katika hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, watu hupasuliwa ili wapungue, aliniuliza: “Mwanangu, wote wanaokatwa hupungua sawa?”

Swali hilo lilinipeleka vitabuni. Upasuaji huo una njia nyingi, na mbili ndizo mashuhuri. Katika ya kwanza, mpasuaji huondoa kadiri ya robo tatu ya tumbo la chakula, akabakiza mfereji mwembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili, iliyoanzishwa Marekani na Edward Mason mwaka 1966, hutengwa kifuko kidogo kikaunganishwa na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Huko Ufini wagonjwa 240 waligawanywa baina ya njia hizo. Baada ya miaka 5, wa njia ya kwanza walikuwa wamepoteza asilimia 49 ya uzito uliozidi, na wa njia ya pili asilimia 57. Tofauti ipo, walakini si ya mbingu na ardhi.

Hata katika njia moja, mkono hupita mkono. Mpasuaji hutia mpira tumboni uwe kipimo, akakata kando yake. Akibana mno, mshono huweza kuvuja au njia ikasonga. Akibakiza sehemu kubwa ya juu ya tumbo, mfereji huweza kupanuka na uzito ukarudi. Tena sehemu hiyo ndiyo itoayo kwa wingi kichocheo cha njaa.

Nilimjibu: “Hapana, Shangazi, hawapungui sawa. Muulize daktari atatumia njia ipi, kwa nini, na nani atakutazama miaka ijayo.”

Kwa majirani nina jibu jingine. Ikiwa kipande cha nyama kikiondolewa njaa yenyewe hupungua, basi njaa ile ilikuwa kazi ya mwili kabla haijawa tabia ya mtu. Anayemhukumu mwenziwe kwa sahani yake amehukumu asichokiona.