Darubini ya Masafa Mafupi: Tawasifu ya Fundi Bunduki

Mwandishi wa tawasifu hii alifanya kazi ya ufundi wa bunduki mjini Arusha kwa zaidi ya miaka thelathini, akihudumia hasa silaha za wawindaji bingwa, yaani watu wenye leseni ya kuwaongoza wageni katika uwindaji wa kitalii, na katika muda huo wote hakuna swali lililomshughulisha kuliko la darubini. Kifaa hicho cha lenzi, ambacho hufungwa juu ya bunduki ili kumsaidia mpigaji kulenga, kingepaswa kuwaje iwapo anayewindwa ni nyati, naye yuko hatua thelathini ndani ya kichaka?

Darubini nyingi zilizofika mezani pake zilikuwa zimebuniwa kwa nchi za milima na nyanda wazi, ambako mnyama husimama mita mia mbili au mia tatu bila kujua kwamba analengwa, na kwa hiyo zilikuza taswira mara tisa hadi mara kumi na mbili. Ndani ya kichaka ukuzaji wa namna hiyo humwonyesha mwindaji kipande cha ngozi nyeusi tu, asijue kama ni bega au paja. Nyati dume anaweza kuwa na uzito wa kilo 700, na akishambulia kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata mita thelathini kwa sekunde mbili na kidogo. Hapo ndipo mwandishi alipoanzia mchoro wa darubini yake mwenyewe: ukuzaji wa chini uwe mara moja, maana yake taswira isikuzwe kabisa, ili mwindaji alenge macho yote mawili yakiwa wazi na aendelee kuona kinachotokea pembeni, na ukuzaji wa juu usizidi mara nne, ambao unatosha kabisa kutofautisha pembe za dume na za jike kundi likiwa limesimama kivulini.

Jambo la pili lilihusu umbali wa jicho, yaani nafasi inayotakiwa kati ya jicho na lenzi ya nyuma ili taswira ionekane kamili. Risasi ya .375 H&H Magnum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1912 na ambayo katika kazi ya nyati nchini Tanzania huchukuliwa kuwa ndogo kabisa inayokubalika, huisukuma bunduki nyuma kwa nguvu kubwa, na teke hilo likikuta darubini iliyo karibu mno na uso, ukingo wake hupasua nyusi. Mwandishi alipokea darubini zenye damu iliyokauka kwenye ukingo huo, na aliona madhara yaliyodumu kuliko jeraha lenyewe: mtu aliyepasuliwa mara moja hufumba macho kabla ya kufyatua, na anayefumba macho hujeruhi mnyama badala ya kumwua. Ndiyo maana aliandika sentimita kumi kuwa kipimo cha chini, tena kisichopungua ukuzaji unapoongezwa.

Kuhusu nuru, alilazimika kubishana na wateja wengi walioamini kwamba lenzi kubwa ya mbele ndiyo inayoona gizani. Kioo kisichopakwa kitu hurudisha takriban asilimia 4 ya nuru katika kila uso wake, hivyo darubini yenye nyuso kumi za kioo hupoteza karibu theluthi moja ya nuru kabla haijalifikia jicho. Dawa yake ilipatikana mwaka 1935, pale Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alipobuni utando mwembamba wa kupunguza urudishaji huo wa nuru. Utando bora una faida zaidi kuliko upana wa lenzi. Ukigawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwali unaoingia jichoni: milimita 24 ukizigawanya kwa nne unapata milimita 6, na mboni ya kijana gizani hufunguka hadi takriban milimita 7. Lenzi kubwa zaidi ingeinua darubini juu ya mtutu, shavu likabanduka kwenye kitako, na sekunde ikapotea.

Alama ya kulengea aliichora kwa mihimili mitatu minene yenye nukta nyekundu ya taa katikati, kwa kuwa nywele nyembamba za msalaba humezwa na weusi wa nyati, na betri aliyoichagua ni ile bapa inayouzwa katika duka lolote la saa mjini. Taa ikizimika, mihimili hubaki.

Sehemu iliyomchukua miaka mingi zaidi ni ile ambayo wabunifu wengi huiachia fundi, nayo ni vishikizo vinavyoiunganisha darubini na bunduki. Mnyama akijeruhiwa ni lazima afuatwe, na anayetangulia katika kumfuata si mwenye bunduki bali ni mfuata nyayo, ambaye mara nyingi hana silaha na macho yake yako chini, kwenye damu na majani yaliyovunjika. Mwandishi aliwahesabu watu hao kuwa wenye haki ya kwanza juu ya mchoro wake. Wao ndio waliomweleza kwamba katika vichaka vizito darubini inafaa itoke kabisa, vibaki vilengeo vya chuma vya mtutu, na kwamba itoke bila kelele. Kwa hiyo aliweka nyenzo mbili ndogo upande wa kushoto, ili mkono wa kulia usiache kamwe mahali pake karibu na kifyatulio, na baada ya mfuata nyayo mmoja kumwambia kwamba mlio wa chuma kugonga chuma unasikika na nyati aliyelala akisubiri, alizivisha nyenzo hizo ngozi laini ya mbuzi, akaibadilisha kila mwaka kabla ya msimu kufunguliwa mwezi Julai.