Mninga Usifichwe: Kumalizia Kiwiliwili cha Gitaa la Umeme kwa Gharama Ndogo

Kiwiliwili cha gitaa la umeme ni pande la mbao lenye unene wa sentimita 4.5 hivi, dogo kuliko mlango wa kabati la vyombo. Halina tumbo lenye uwazi kama la gitaa la kawaida. Sauti yake huchukuliwa na pikapu kutoka kwenye nyuzi, hivyo kinachopakwa juu ya mbao hakiibadilishi sauti hiyo kwa kiasi cha kumkosesha mtu usingizi. Mpako una kazi tatu tu: kuzuia jasho na uchafu, kupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, na kuzionyesha mbao zilivyo. Kazi zote tatu hufanywa na kiasi kidogo mno cha dawa. Kwa mkono mwepesi, mililita 100 humaliza kiwiliwili kizima.

Marekani na Ulaya kumalizia kiwiliwili mwenyewe kumekuwa burudani ya mwisho wa wiki. Mtu huwa na kiwiliwili cha mbao tupu gereji kwake, glavu za mpira, fulana kuukuu iliyokatwa vipande, na kichupa cha mililita 90 cha Tru-Oil, mafuta yaliyobuniwa kwa ajili ya vitako vya bunduki. Hupaka kwa ncha ya kidole, tabaka jembamba lisiloacha hata tone, husubiri hadi kesho, husugua kidogo, kisha hupaka tena. Baada ya tabaka sita hadi kumi mbao hung'aa kwa upole. Si wapenzi peke yao wanaofanya hivyo. Shingo za magitaa mengi ya Ernie Ball Music Man hupakwa mafuta ya bunduki na nta, na kampuni ya Warwick ya Ujerumani imejijengea jina kwa magitaa ya besi yaliyopakwa nta ya nyuki juu ya mbao za Afrika kama bubinga na wenge. Gitaa la namna hiyo huuzwa kwa bei ya juu, na hakuna mnunuzi anayelalamika kwamba fundi hakumaliza kazi.

Hata gitaa maarufu lililochezwa bega kwa bega na kijana wa Zanzibar halikutoka kiwandani. Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen ambalo mwimbaji wake alikuwa Freddie Mercury, kijana huyo wa Zanzibar, alianza kuunda lake mwaka 1963 akiwa na baba yake nyumbani kwao London. Shingo ilitokana na mbao kuukuu za fremu ya mahali pa kuotea moto, na mpako ulikuwa wa kopo la kawaida la kupakia fanicha.

Morogoro, mji kasoro bahari, hauna sababu ya kuwa nyuma katika habari za gitaa. Ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mbao nazo hazijawa tatizo la mji huu: mninga unajulikana kila karakana, na mtiki hupandwa Mtibwa na bonde la Kilombero. Kinachoudhi ni hatua ya mwisho. Ubao wa mninga wenye rangi ya asali na michirizi ya kahawia hupigwa randa vizuri, hupigwa msasa, kisha humwagiwa vanishi yenye rangi iliyoandikwa "mahogany" kwenye kopo, tabaka juu ya tabaka, mpaka hauwezi kutofautishwa na msonobari. Kila aliyelelewa kwenye nyumba yenye kabati la namna hiyo anajua lilivyong'aa siku ya kuletwa, na linavyobanduka magamba miaka michache baadaye. Fundi akiulizwa hujibu kwamba mteja anataka king'ae. Mteja akiulizwa husema ndivyo mafundi wanavyofanya.

Na vanishi si kitu kigeni katika pwani hii. Katika karne ya 19 sandarusi, utomvu mgumu uliochimbwa ardhini kwenye bara linalotazamana na Zanzibar, ilisafirishwa kwa shehena hadi Salem, Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani alifika Zanzibar. Huko Salem sandarusi ilisafishwa, na viwanda vya vanishi viliiyeyusha kwa moto na kuichanganya na mafuta ya kitani ili kupaka magari ya farasi na fanicha. Kwa hiyo wajukuu wa wachimbaji wa sandarusi hawapaswi kuambiwa kwamba mpako mzuri ni siri ya wazungu.

Njia ya bei nafuu kuliko zote huanza na kopo lile lile la vanishi, ila iwe ile isiyo na rangi na yenye asili ya mafuta. Huchanganywa nusu kwa nusu na tapentaini, hadi iwe nyepesi kama maji, kisha hupakwa kwa kitambaa badala ya brashi. Mafuta ya makopo yanayosifiwa Ulaya kwa jina la Danish oil kwa kawaida si zaidi ya hayo: mafuta, vanishi na kiyeyushi katika kopo moja. Tofauti kati ya gereji ya Ulaya na karakana ya Morogoro iko katika unene wa tabaka na katika subira.

Kabla ya kupaka kuna msasa, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Huanza namba 80 au 120, kisha 180, 240 na 320, daima kufuata mishipa ya mbao. Mkwaruzo wa kukata mishipa hauonekani mbao zikiwa kavu, lakini hujitokeza mara dawa inapogusa. Kabla ya namba ya mwisho ubao hupanguswa kwa kitambaa kibichi ili vinyuzi vilivyolala viinuke, huachwa ukauke, kisha vinyuzi hivyo husuguliwa. Mninga una vinyweleo vilivyo wazi. Anayetaka uso laini kama kioo huvijaza kwa unga wa mninga wenyewe uliochanganywa na sanding sila. Asiyejali huviacha, na mkono huzihisi mbao. Vumbi la mninga, mvule na mpingo huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa ni ya lazima.

Vanishi ya NC (nitroselulosi) inayopigwa kwa pampu hukauka kwa dakika, na ndiyo sababu mafundi huipenda. Ubaya wake ni kwamba ikipigwa siku yenye unyevu mwingi hugeuka nyeupe kama maziwa. Masika, mawingu yanapolala juu ya Uluguru, si wakati wa kuipiga. Miezi mikavu ya Juni hadi Septemba huifaa kazi hii, na huufaa mpako wa mafuta pia.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanayouzwa kwenye maduka makubwa ya rangi, hufanya kazi kama Tru-Oil ila hukauka polepole zaidi. Mafuta ya nazi hayafai, kwani hayakauki kamwe. Juu ya mafuta yaliyokauka, nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini huongeza mng'ao. Mvule na mpingo vina kemikali zinazozuia mafuta yasikauke, hivyo uso hupanguswa kwanza kwa tina. Jambo moja halina mzaha: matambara yenye mafuta ya kitani yakiviringishwa na kutupwa pembeni hupata joto yenyewe na kuwaka moto. Yatandazwe nje yakauke, au yazamishwe ndani ya ndoo ya maji.

Ndugu walioko ughaibuni huagiza ubao wa mninga uletwe ndani ya sanduku la nguo. Lakini tangu mkutano wa Panama mwaka 2022 wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, mninga wa Afrika umo kwenye orodha ya miti ambayo mbao zake haziruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali. Ni heri kiwiliwili kichongwe na kumaliziwa Morogoro hapo hapo, na fundi alipwe kwa kazi nzima. Anayerudi likizo asihangaike na kopo la mafuta, maana vimiminika vinavyowaka vya namna hiyo haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Abebe misasa mizuri ya namba 320, 400 na 600, ampelekee fundi wake, na amwambie mapema kwamba mninga wake autaka na rangi yake.