Injini Iliyoitwa Mlima Meru

Marehemu baba alifanya kazi ya reli Mombasa. Alipokuja Arusha kwa likizo alijigamba kwamba hupanda Mlima Meru kila wiki bila kuchoka miguu. Mama alicheka tu. Kumbe hakusema uongo: injini 34 za mvuke zilizoundwa Manchester miaka ya 1955 na 1956, kila moja tani zipatazo 250, zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Reli yetu ya Arusha, iliyofika mwaka 1929, haikuweza kuhimili uzito huo. Basi Meru ile haikuuona mlima wake.

Mwaka jana niliifuata katika makumbusho ya reli, Nairobi. Nilimkuta nduguye, Gelai. Meru ilikwisha kuvunjwa zamani. Nikaweka kiganja juu ya chuma baridi. Mlinzi akanitazama, nami nikaona haya kumweleza.